Maharage ya Dada Yangu Ndani ya Utumbo Wangu

Nianze na kumshukuru Mungu, maana nikianza na mengine nitapotea. Mimi niliishia darasa la saba, shule ya kambi ya wakimbizi Tanzania, na mwalimu wetu alikuwa akisema naandika kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, nagusa kila kitu. Inawezekana alisema kweli. Ila jioni, nikishafunika madebe yangu ya mawese, napenda kuandika mambo ya siku. Hili nimeliandika nikalifuta, nikaliandika tena, kwa sababu nataka kumtendea kila mtu haki, na humu ndani kuna watu waliokosea kidogo, mimi nikiwa wa kwanza.

Nina homa ya ini, ile wanayoiita hepatiti B, ya kudumu. Nilijulishwa miaka kadhaa iliyopita, siku niliyoenda kumtolea jirani damu hapa Gitega. Damu yangu ikakataliwa. Muganga, daktari wa hospitali, akaniita pembeni, akaniambia virusi viko kwenye ini, pengine nilivipata kwa mama siku ya kuzaliwa, na mama mwenyewe huenda hakujua kitu. Tangu hapo nameza kidonge kila siku na mara kwa mara wanaliangalia ini langu. Nguvu ninazo, sokoni naenda. Kilichopungua ni watu wa kula na mimi.

Sitaki kuwasema vibaya majirani zangu wa mtaa wa Nyamugari. Upepo ulipong'oa mabati yangu walikuja wote, Waislamu na Wakristo, wakanipandia juu wakapigilia misumari na mvua inawanyeshea. Lakini waliposikia nina ugonjwa wa ini unaoambukiza, vikombe vikaanza kutengwa. Hapa kwetu anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza yeye, ndipo akupe, ujue hakina ubaya. Basi mimi nikimkaribisha mtu, nikaonja, nikampa, anakipokea kikombe kwa mikono miwili, anashukuru vizuri sana, halafu anakiweka chini, karibu na mguu wake. Kinabaki hapo mpaka anaaga. Muganga alikwisha kuniambia virusi hivi havipiti kwenye kikombe wala kwenye sahani. Vinapita kwenye damu, kwenye mambo ya ndoa, kwa mama na mtoto anayezaliwa, kwenye wembe mmoja unaochanja watu wengi. Nilijaribu kueleza. Ila mtu anayeogopa utamshikaje mdomo anywe? Na mimi kabla ya kuambiwa ningefanya hivyohivyo. Nikaacha kukaribisha.

Aliyekula na mimi ni dada yangu wa Muyinga.

Mama alipokimbilia Tanzania wakati wa machafuko, mimi nilikuwa mgongoni kwake, na dada alikuwa kwa bibi, upande wa Muyinga, na njia ya kumrudia ilikuwa imefungwa. Tulikuja kuonana sote tuna watoto wakubwa, wangu wakiwa wamebaki Tanzania. Yeye aliolewa na mfanyabiashara Mwislamu pale Muyinga mjini, akasilimu, akazoea Kiswahili cha huko. Mimi nilirudi na cha Tanzania. Kirundi changu, anasema, kina changarawe. Kwa hiyo tunaongea Kiswahili, kila mtu na chake, na tunachekana.

Siku ya kwanza kula kwake alikuwa amepakua sahani moja kubwa, ndizi na maharage. Nikamwambia habari ya ini langu kabla sijanawa mikono, ili achague mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Bon. Nawa mikono, chakula inapoa."

Tukala. Nimetanguliza hilo ili anayesoma aelewe kwa nini baadaye nilifanya ujinga.

Mwaka jana nikaanza kuona damu chooni. Si nyingi, na si kila siku. Tumbo linafunga, linafunguka, na sketi zikaanza kunizunguka kiunoni. Nikajisemea ni lile ini. Mtu ukishakuwa na ugonjwa mmoja wenye jina, kila kinachokuuma unakipeleka huko. Nilingoja mpaka siku yangu ya kupimwa ini ikafika, nikamuuliza muganga kama damu hiyo ni ya ini.

"Maman," akasema, "mbona kila kosa unamtupia ini? Ini yako iko vizuri. Hapa tuangalie utumbo."

Nikamuuliza kama ini na utumbo vinaambizana. Aliweka kalamu chini kwanza, na nilimpenda kwa kule kuiweka. Akasema wako waliochunguza watu wenye hepatiti ya muda mrefu, wakaona vinyama na uvimbe wa utumbo mkubwa vinapatikana kwao zaidi kidogo kuliko kwa wengine. Wako wengine waliochunguza wasione tofauti. Yeye hajui kama ni virusi vyenyewe, au ni kwa sababu watu hawa wanapimwa mara nyingi, au ni jambo jingine.

"Sasa wewe unaamini wapi?"

"Mi naamini kamera."

Naandika alivyosema, nisimwongezee. Hakusema ini langu limenizalia uvimbe. Alisema damu ya chooni kwa mtu wa umri wangu ni ya kuangaliwa, awe na hepatiti au asiwe nayo, na kwamba hepatiti yangu ni sababu moja zaidi ya kutochelewa. Akaongeza kwamba kinyama kikikutwa kingali kidogo kinatolewa palepale, mambo yanaishia hapo. Kikishakuwa kansa iliyokomaa, safari inakuwa nyingine. Niliyabeba maneno hayo mawili mpaka nyumbani, kingali kidogo, kikishakomaa, na sikujua ni lipi langu.

Muganga mwenye kamera, ile inayoingizwa utumboni kwa njia ya nyuma, huja hospitali ile siku za Jumatano. Nikapewa Jumatano yangu. Tangu Jumanne mchana nisile kitu kigumu, ninywe maji, chai kavu, na dawa ya unga inayokorogwa kwenye maji, ya kusafisha tumbo. Nikampigia dada simu aje Alhamisi, atakuwa na mimi baada ya kipimo, na akija na chakula nitakuwa naruhusiwa. Akakubali.

Lakini hapa kwetu siku hizi safari haiamuliwi na msafiri, inaamuliwa na esansi, yaani petroli. Magari ya Muyinga yalikuwa yamelala. Jumanne asubuhi dereva mmoja akapata mafuta, akapiga honi, na dada yangu akaona akiliacha gari hilo atakuja baada ya mwezi. Saa tisa mchana namwona mlangoni kwangu, kitenge kimejaa vumbi, kichwani sufuria imefungwa kwa kanga.

"Mudogo yangu! Umekonda hivi? Hapa Gitega banakula nini, mawe?"

"Dada, ulikuwa uje Alhamisi."

"Mwambie mwenye gari."

Akafungua. Maharage, ndizi, mchicha wa lengalenga, na mawese juu yanang'aa.

"Umeniletea mimi mawese? Muuza mawese?"

"Yako iko na maji. Mi nilionja ile siku, sikusema kitu."

Hii si kweli, lakini naiandika kwa sababu aliisema.

Nikamweleza habari ya kipimo. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema sawa, amri ya muganga ni amri. Kisha akaanza kuifunga tena sufuria, polepole, fundo la kwanza, fundo la pili. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na angenilaumu ningeweza kukataa. Nilikuwa namwona mtu aliyeamka alfajiri, akapika, akasafiri na sufuria kutoka Muyinga, yeye peke yake anayenyoosha mkono kwenye sahani moja na mimi, na sasa anaifunga tena.

Nikamwambia, "Lete nionje tu."

Akapakua, akaonja kwanza yeye, kama desturi, akanisogezea. Nikala ndizi moja na maharage ya vidole viwili vitatu. Labda zaidi. Nilijiambia kwamba hiyo si kula. Kwetu kula ni kukaa chini ukashiba. Nilichofanya mimi kilikuwa kumpokea mgeni.

Kisha nikanywa dawa yangu yote, na dawa ikafanya kazi yake. Choo chetu ni cha nyumba tatu, na jirani yangu mshonaji aligonga mlango mpaka akachoka, akasema, "Mama we, leo umehamia?" Kwa hiyo asubuhi nilijiona mweupe ndani kama kikombe.

Hospitalini muuguzi akaniuliza, "Umekula kitu asubuhi?" Nikajibu hapana, asubuhi sijala. Ndivyo alivyouliza na ndivyo nilivyojibu. Nimelifikiria jibu lile sana. Uongo halikuwa, lakini na ukweli wote halikuwa.

Sikulazwa usingizi kabisa, nilichomwa sindano ya kulegeza tu. Nasikia muganga wa kamera anaongea na muuguzi Kifaransa, kisha akaja upande wa uso wangu.

"Maman, nani alipika?"

"Kupika nini?"

"Mi naona maharage hapa."

Nilitamani kitanda kinimeze. Akasema kuna mahali anaona kitu kama kinyama, lakini ukuta umefunikwa, hawezi kukishika asichokiona vizuri, na kujaribu kungekuwa hatari. Turudi Jumatano ijayo. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika: wako wagonjwa waliokosa nafasi ile niliyoiharibu mimi. Lakini hakunitukana. Alitoka nje kwenye korido, na kupitia mlango nikamsikia.

"Nani ameleta maharage ya huyu mama?"

Dada akasimama. Nilimjua kwa sauti ya bangili.

"Ni mimi, muganga. Dada yake. Munifunge mimi, lakini yeye mumuache, ni mimi nilimulisha."

Watu wa korido wakacheka. Muganga naye nadhani alicheka, maana sauti yake ilibadilika.

"Mama yenu ni mmoja?"

"Mmoja. Baba mmoja, mama mmoja."

"Hepatiti umeshapimwa?"

"Mi siumwi."

"Na yeye hakuwa anaumwa."

Alichomwa kidole mchana uleule. Nilikuwa nimekaa naye kwenye benchi, bado nimelegea, muuguzi aliporudi akatuambia wote wawili, kwa upole, kwamba ni chanya. Dada ana virusi kama vyangu. Watahitaji damu nyingine kujua ini lake limefikia wapi, na watoto wake pia wapimwe, kama wangu walivyopimwa.

Niliogopa kumwangalia. Nikafikiri atalia, au atakumbuka sahani zetu na kufikiri ni mimi. Nikaanza kumweleza haraka kwamba havipiti kwa chakula, kwamba alizaliwa navyo, kwamba...

"Tulia," akasema. "Mi nimesikia."

Akazungusha bangili zake.

"Nilikuwaga nasema, mama alipeleka yote Tanzania. Kumbe na mi aliniachia fungu."

Sikujua kama nicheke. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, kisha akafuta macho na ncha ya kanga, kisha akaniuliza kama benchi hilo linauzwa, maana tumelikalia sana.

Kurudi Muyinga hakukuwezekana, magari yalikuwa yamelala tena. Ikabidi akae kwangu mpaka Jumatano ya pili. Kwa wiki ile nzima nililala vibaya. Kinyama kimeonekana, kiko ndani yangu, na mimi nimekipa siku nyingine za kukua kwa sababu ya ndizi. Dada naye alikuwa na lake, lakini mchana alifagia uwanja wangu na kugombana na wateja wangu wa mawese kana kwamba debe ni lake.

Jumanne ilipofika akatangaza uwanjani, amejishika kiuno: "Leo huyu hali. Mwenye kuleta chakula aniletee mi kwanza, nitajua la kufanya." Kisha akaniambia hata yeye hatakula.

"Wewe hupimwi, dada."

"Kufunga mi niko najua, we hujui. Nyinyi bakristo munafunga mukiwa na njaa ya kusema. Mi nitakufundisha. Usiangalie jua. Usiongee habari ya chakula. Ukisikia harufu, sema asante, pita."

Tukakaa kibarazani na chai kavu. Jirani mshonaji akaja, nadhani kuuliza habari ya choo, dada akamvutia kigoda akae. Nilimimina chai, nikaonja kwa mazoea, halafu nikakumbuka, nikabaki nimekishika kikombe, sijui nimpe au nisimpe. Dada akakichukua mkononi mwangu, akanywa, akampa jirani, akaendelea na hadithi yake ya mkwe wake kama vile hakuna kilichotokea. Jirani alikitazama kikombe. Sikumwangalia, nilitazama kuku. Alikunywa nusu, nusu akaiacha. Naandika nusu kwa sababu ndiyo ilivyokuwa, na nusu hiyo nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, na ninamshukuru mwanamke yule pia. Alipoondoka alimwambia dada, "Choo leo ni chenu. Sisi tutaenda kwa upande wa pili." Na wakaenda kweli, nyumba mbili nzima.

Jumatano muganga aliniinamia.

"Leo tumepika nini?"

"Chai kavu, muganga. Tangu jana mchana. Na kabla ya hapo nilikula uji." Safari hii nilijibu hata nisichoulizwa.

Alikipata. Kilikuwa na shina kama uyoga, akakikata kwa uzi wa chuma unaopita ndani ya kile kifaa. Akanionyesha kwenye kichupa: kitu kidogo, cha kahawia, hakifanani na hofu niliyokuwa nayo. Kingepelekwa Bujumbura kuchunguzwa, nami nitapigiwa simu. Akasema pia dada naye apimwe kwa kamera, kwa sababu ya umri wake, na sasa kwa sababu yangu.

Esansi ilipopatikana nilipanda naye gari kwenda Muyinga. Kusema kweli nilimsindikiza ili nisingojee simu peke yangu. Lakini kulikuwa na kazi: kuwaeleza watoto wake. Nilifikiri nitaongea mimi, mwenye uzoefu. Nikatafuta maneno, nikaanza mbali, huko kambini, mpaka dada akanikata: "Bibi yenu aliniachia ugonjwa ya ini. Haiuwi leo. Kesho wote kupimwa, na mwenye kukataa asile hapa." Walienda. Wengi hawana, wakaanza kuchanjwa. Wa pili anayo. Alikuwa na mke mjamzito, na mke naye akapimwa, yeye hana, na mtoto akizaliwa atachanjwa palepale. Huyu wa pili alilala siku nzima uso ukutani. Mama yake alimwachia siku hiyo, kesho yake akamwambia, "Mi niko nayo tangu kuzaliwa na bado nakupiga. Inuka."

Simu ilipigwa tukiwa jikoni kwake, nje ya nyumba. Dada alikuwa na mwiko mkononi. Nilisimama, sijui kwa nini, kama wanafunzi wanavyosimama mwalimu akiingia. Muganga wa kamera akasema polepole, na akarudia nilipomwomba. Kinyama kilikuwa kimeanza kugeuka. Kingeachwa, huenda kingekuja kuwa kansa. Hakijawa. Kimetoka chote, mpaka kwenye shina. Nitaangaliwa tena kwa kamera kwa muda atakaonipangia, dada naye amepangiwa Jumatano yake, na kidonge cha ini niendelee nacho.

Nikasema asante. Nikakata simu. Dada aliona uso wangu akafikiri ni lile neno lingine, kwamba kimekomaa. Mwiko ukamtoka, ukaangukia jivuni.

"Sema!"

"Kingali kidogo," nikasema. "Kimetoka chote."

Akakaa chini pale pale, kwenye kuni. Akasema alhamdulilahi nyingi, mimi nikasema asante Yesu, majina yakachanganyika jikoni mule na moshi.

Kwa haki lazima niongeze hili. Watu wanasema maharage yale yaliletwa na Mungu, kwa maana bila hayo dada asingepimwa. Mimi sijui. Kama kile kinyama kingekuwa kibaya, wiki ile ingetugharimu, na leo ningekuwa naandika mengine, au siandiki. Mgonjwa mwingine asiige. Nashukuru kwa yaliyotokea, lakini siwezi kuyasifia maharage.

Dada alipoinuka aliuosha mwiko, akapakua sahani moja. Akaonja, akanisogezea. Nikala kwanza kidogo. Kisha nikaona si vizuri kumficha.

"Dada, chumvi imezidi."

Akaonja tena kidogo.

"Ya! Sasa nimeamini umepona," akasema. "Umeanza kusema chakula ya watu."

Akaivuta sahani upande wake, kana kwamba ananinyima, nami nikaivuta upande wangu, tukaimaliza.